Fundi Pimbi na Senti ya Tundu

Hapo zamani za kale, wajukuu zangu, senti haikuwa na tundu katikati. Ilikuwa na kichwa. Na kichwa hicho kiliwachosha wanyama wadogo mpaka wakasahau hata kulalamika.

Sogeeni. Wewe, acha kumfinya mwenzio. Nasimulia mara moja tu, maana leo nimesimama gulioni tangu asubuhi na kiuno changu hakitaki utani.

Haya. Katika mji wa wanyama kulikuwa na kiti kimoja cha enzi. Kila mvua za masika zikiisha, kiti kilihamia kwa mkubwa mwingine. Mwaka huu Tembo, mwaka unaofuata Simba, mwaka mwingine Kiboko. Hilo peke yake halikuwa baya. Ubaya ni kwamba kila aliyekikalia, kabla hata ya kuuliza kama kisima kina maji, alikwenda mbio kwa mhunzi na kusema: "Futa kichwa cha yule. Weka changu!"

Mhunzi alikuwa Pimbi. Mnamjua Pimbi, yule mdogo asiye na mkia, anayeota jua juu ya mawe. Mikono yake ilikuwa myepesi, na mji mzima ulimwita Fundi.

Senti ya kwanza aliyoifua ilikuwa ya Tembo. Tembo alikataa katakata mkonga wake usikunjwe.

"Ukinikunja mkonga watasema naumwa tumbo!"

Basi mkonga ukanyooshwa, na senti ikawa pana ajabu. Bibi Panya akienda kununua chumvi alikuwa anaiviringisha barabarani, gudu-gudu-gudu. Kwenye mteremko inamponyoka, naye nyuma anapiga kelele: "Jamani, ishikeni! Ndiyo hiyo hiyo niliyo nayo!"

Akaja Simba. Huyo alitaka manyoya ya shingo yachongwe yote, unywele mmoja mmoja, kuzunguka ukingo. Senti ikawa na meno kama msumeno. Ikatoboa mifuko, ikakata ndimi za wale waliozoea kubeba pesa mdomoni.

Akaja Kiboko. Yeye alitaka achorwe akipiga miayo, ili watu wayaone meno. Sasa mtu anayepiga miayo kwenye senti, mchana kutwa, unadhani sokoni kutakuwa na nini? Muuzaji anapiga miayo, mnunuzi anapiga miayo, mpaka bei zinasahaulika.

Nanyi msianze kupiga miayo hapa. Bado.

Tena kila senti mpya ilipotoka, ya zamani ilikufa. Kasuku mpiga mbiu alipita mitaani: "Senti ya Simba imekufaaa! Leteni mbili mpate moja! Gulio la kesho likipita, haipokelewi!"

Kwa nini mbili kwa moja? Wakubwa walisema ile ya pili ni ya kumlipa Fundi jasho lake. Fundi hakuwahi kuiona. Wao wenyewe hawakuumia hata kidogo. Mali yao ilikuwa malisho na mito, na malisho hayachorwi kichwa cha mtu. Walioumia ni wenye senti, yaani wale wasio na kitu kingine.

Sasa, jirani yake Pimbi alikuwa Bi Kanga. Nyumba ya Bi Kanga ilikuwa nzuri, imefagiwa vizuri, ila haikuwa na mlango. Na mtaa ule ule aliishi Nguchiro, mwenye adabu nyingi na tumbo kubwa.

"Hodi, Bi Kanga! Nimepita tu kukujulia hali."

Akishapita, mayai hayapo.

Mara mbili Bi Kanga aliatamia, mara mbili akabaki na maganda. Seremala Kigogota alimwambia mlango wa mti mgumu ni senti arobaini. Bi Kanga akaanza kuweka akiba. Alipokaribia arobaini za Tembo, akaja Simba, zikawa nusu. Akaanza tena. Alipokaribia arobaini za Simba, akaja Kiboko, zikawa nusu. Akaanza tena. Mngekuwa ninyi mngeanza tena? Mimi sijui kama ningeweza.

Siku moja asubuhi akaingia karakanani kwa Pimbi, kibuyu cha senti kwapani.

"Hodi, Fundi."

"Karibu, jirani. Kaa, ila usisogelee moto."

"Zimefika thelathini na tisa! Kesho gulioni nikiuza kibaba kimoja cha mtama, zinatimia. Kigogota ameshautengeneza mlango, umeegemea ukuta wake. Nimeupitia njiani, nimeugusa."

Pimbi akauchokoa mkaa.

"Mbona hunipi hongera, Fundi?"

"Bi Kanga," Pimbi akasema polepole, "jana jioni Nyati amekalia kiti."

Bi Kanga akaketi chini, pale pale kwenye majivu. Hakulia. Akauliza tu, "Thelathini na tisa, nusu yake ngapi?"

"Kumi na tisa. Na moja inabaki haina mwenzake."

"Nina mayai saba safari hii. Saba, Fundi. Na nimechoka. Sina hata nguvu ya kumlaani Nguchiro."

Pimbi alimhurumia sana. Akajihurumia na yeye pia, maana alitazama mikono yake akaona malengelenge ya Kiboko hayajapona, na sasa yanakuja ya Nyati. Akasema, "Nenda nyumbani ukakae juu ya mayai yako. Kibuyu usimpe mtu. Mimi sina ujanja leo, nina uchovu tu. Hebu nione uchovu huu utanifikisha wapi."

Bi Kanga alipotoka tu, ndu! ndu! ndu! Nyati huyo mlangoni, vumbi juu.

"Wewe Pimbi! Unalala kazini?"

"Hapana, Mheshimiwa. Nimefumba macho ili nizione pembe zako vizuri."

"Eeeh! Hapo sawa. Nataka zote mbili, upana wake wote, na ncha zionekane. Kesho gulio, senti ziwe tayari."

Pimbi akachukua senti ya Kiboko, akaigeuza, akaipima kwa kidole, akapumua, "Ahh."

"Ahh nini?"

"Pembe hazienei. Nikizipunguza, utaonekana mbuzi. Nikizikunja kwa ndani, kondoo."

"Kondoo! Mimi?"

"Mimi sisemi. Watakaosema ni wanunuzi."

Nyati akapuliza pua, fuuu! Cheche zikaruka kutoka kwenye moto.

"Basi fanya uwezalo, Fundi! Mtu mzima nitakuwaje kondoo mwaka mzima?"

"Kuna njia," Pimbi akasema huku amejiegemeza kwenye fuawe, macho nusu. "Ila sijui kama utaipenda. Wenzako walichorwa. Mtu anachorwa, anakauka pale pale, ananing'inia na uso ule ule. Mkubwa hasa hachorwi. Mkubwa anaachiwa nafasi."

Akaweka senti ya Kiboko juu ya fuawe, akachukua tindo ya mviringo, akainua nyundo. Tok! Katikati ya senti pakatoka kipande kidogo kama punje ya hindi, kichwa cha Kiboko kizima na miayo yake. Tiriri, kikaviringika chini.

"Umemkata kichwa!" Nyati akasema, na sauti yake ilikuwa ya furaha.

"Nimeondoa kilichokuwepo. Sasa njoo hapa kwenye beseni la kupozea chuma. Inama. Shika senti kwenye jicho moja, lingine lifumbe. Tazama majini. Unamwona nani?"

Nyati akainama, akatazama. Mkia ukaanza kupigapiga, pwa, pwa.

"Ni mimi! Na pembe zote! Ha! Pimbi, ananikonyeza!"

"Wewe ndiye umemkonyeza, yeye anakujibu. Senti ya Kiboko iliwahi kumjibu mtu?"

"Kamwe! Zitoboe zote! Watu walete mbili wapate moja."

"Kama unavyotaka. Ila ukiwapunguzia watu senti, umejipunguzia mwenyewe nafasi. Mjini ziko senti mia nane. Unataka uwemo ndani ya mia nne tu?"

"Mia nne? Nina wazimu? Mia nane! Na zile zilizokufa je, za Tembo na Simba?"

"Zipo, wamezificha kwenye matambara. Mtu hatupi kitu alichokitolea jasho."

"Zifufue! Tena zote nimo!"

"Lakini mwakani, Mheshimiwa, kiti kikienda kwa mwingine, atakuja hapa kuniambia nizibe nafasi yako."

Hilo lilimuuma Nyati kweli kweli.

Desturi ya mji ule ilikuwa hivi: neno la sheria liliandikwa juu ya ngozi, na mkubwa akalikanyaga kwa mguu uliopakwa masizi. Likishakanyagwa halifutwi, mpaka wote waliolikanyaga waje walikanyage tena kwa pamoja. Pimbi akaitandika ngozi. Akaandika kwa mkaa: *Senti zote, za zamani na za sasa, zitatobolewa katikati, moja kwa moja, bila kupunguzwa. Pale katikati hakitawekwa kichwa kingine milele.* Nyati akapaka masizi, akakanyaga, pu! Akaondoka anatembea kwa maringo, shingo juu.

Mnadhani Pimbi alilala? Alilaza kichwa tu. Habari za senti ya milele zilipata miguu, na kabla jua halijafika katikati, Tembo huyo.

"Pimbi! Nasikia Nyati amepata kitu ambacho mimi sikupata!"

"Karibu, Mheshimiwa," Pimbi akasema bila kuinuka. "Shika senti. Jicho moja. Tazama beseni. Unamwona nani?"

Tembo akatazama. "Loo! Mimi! Na mkonga... Fundi, mkonga umenyooka?"

"Unyooshe uone."

Akaunyoosha. Nusura ayanywe maji yote. "Umenyooka! Na hii kwato hapa kwenye ngozi?"

"Ya Nyati. Ameiona senti, amefurahi, amekanyaga."

"Amekubali? Nyati? Kumbe ana heshima yule kijana!" Tembo akakanyaga karibu nusu ya ngozi nzima. Kisha akanong'ona, na mnong'ono wa Tembo unasikika mtaa wa pili, "Usimwambie. Ataumia."

"Siwezi kusema, Mheshimiwa. Sina pumzi."

Kufika alasiri akaja Simba. Maneno yale yale: shika senti, jicho moja, tazama beseni. Pimbi aliyasema mpaka ulimi ukakauka. Simba akauliza kama manyoya yamo yote, Pimbi akamwambia ayahesabu. Akahesabu mpaka akachoka, akakanyaga. Mwisho akaja Kiboko. Kiboko hakuuliza kitu. Alitazama, akapiga miayo, majini kukapigwa miayo. Machozi ya furaha yakamtoka mzee wa watu.

"Naonekana mpaka gego la mwisho," akasema, akakanyaga.

Wanne hao, na ngozi moja. Wala Pimbi hakumdanganya hata mmoja. Nirudie? Hakumdanganya hata mmoja. Aliwauliza wanamwona nani, wakajibu wenyewe.

Siku ya gulio Kasuku akapita: "Senti hazifiii! Hazifi tena! Leteni zikatobolewe, moja kwa mojaaa!" Watu hawakuamini. Walikuja wanaburuta miguu kama wanaokwenda msibani, wameshazoea kunyang'anywa. Bibi Panya akaleta senti mbili za Tembo alizokuwa akifunikia mitungi. Tok! Tok! Akarudishiwa mbili. Akazitazama, akamtazama Pimbi.

"Mbona mbili, Fundi?"

"Umeleta mbili."

"Ndiyo maana nauliza."

Halafu mtu mmoja, sijui nani, akapitisha kamba ya ukindu kwenye tundu la senti yake, akajifunga shingoni. Mwingine akaona. Kumbe! Wadogo wengi hawana mifuko, na sasa senti inavalika. Haikimbii kwenye mteremko wala haikati ulimi. Mpaka jua linageuka, gulio zima lilikuwa linalia kengele, cheng, cheng, cheng.

Bi Kanga akatobolewa thelathini na tisa zake. Akauza kibaba cha mtama, akapata ya arobaini. Kigogota akazipitisha kwenye kamba moja moja, ko, ko, ko, kisha akabeba mlango mwenyewe mgongoni, akaupachika.

Jua lilipokaribia kuzama, Nguchiro akaja amejipaka mafuta.

"Hodi, Bi Kanga! Nimepita tu kuku..."

Ng'o! Pua ikagonga mti mgumu.

"Jirani! Mbona umejifungia?"

"Nimechoka kukukaribisha," akajibu Bi Kanga kutoka ndani. Akajisogeza vizuri juu ya mayai saba, na kwa mara ya kwanza tangu Tembo alipokalia kiti, akafumba macho yote mawili.

Lakini wakubwa hawawezi kukaa na furaha bila kuisema. Siku tatu baadaye wanne hao walikutana mtoni kunywa maji. Nyati akasema anajisikia vizuri sana siku hizi kuwa ndani ya senti. Tembo akacheka, akasema, "Kijana, ndani ya senti nimo mimi." Simba akanguruma. Kiboko akafungua mdomo. Kila mmoja akatoa senti yake, akaitia jichoni, akatazama mtoni, akampa mwenzake atazame. Ndipo walipoona. Lilikuwa tundu.

Ndu! ndu! ndu! ndu! Wakafika karakanani, kuta zikatikisika.

"Pimbi! Umetudanganya! Hapa katikati hamna kitu!"

Pimbi alikuwa amelala juu ya gunia la mkaa. Akafungua jicho moja.

"Kweli, waheshimiwa. Hamna kitu."

"Tutaifuta sheria! Lete ngozi!"

"Ile pale. Mkanyage wote wanne kwa pamoja, imefutika. Halafu mniambie tu, nichore kichwa cha nani."

"Changu," wakasema wote wanne.

Nyati akamtazama Tembo. Tembo akamtazama Simba.

"Mimi sikanyagi ili achorwe huyu mwenye pua ndefu," akasema Simba.

"Mimi sikanyagi ili tuchanwe ndimi tena," akasema Tembo.

"Na mimi," akasema Kiboko, "afadhali tundu kuliko Nyati."

"Afadhali tundu kuliko nyinyi nyote!" akafoka Nyati.

"Basi mmekubaliana," Pimbi akasema, akafumba jicho.

Wakazunguka pale, wakakwaruza ardhi, wakapuliza. Tembo akaona aibu kuondoka mikono mitupu, akapiga mguu chini. "Angalau tupe vichwa vyetu! Ulivyovitoa, viko wapi? Ni mali yetu!"

Pimbi akanyoosha mkono bila kuinuka, akavuta kikapu kutoka chini ya fuawe. Kilijaa vipande vidogo vya shaba, mamia kwa mamia.

"Vyote vimo humu. Gawaneni taratibu, na mkitoka mrudishie mlango."

Wakakimwaga chini, wakapiga magoti, wale wakubwa wote, wanachambua vumbini. "Huu mkonga wangu!" "Lete hapa, huo ni uso wangu!" "Hilo gego usilichezee!" Ila Nyati alitafuta, akatafuta, akapekua mpaka kwenye majivu, pua ikawa nyeusi. Hakupata hata kimoja.

"Fundi," akasema kwa sauti ndogo, "na changu?"

"Chako hakikuchongwa, Mheshimiwa," akajibu Pimbi, sauti inaanza kuzama usingizini. "Ndiyo maana bado unacho."

Hadithi nimeitua hapo, mwenye nguvu aibebe. Na mkitaka funzo lake, ni hili: mkubwa akiipenda sura yake kuliko watu wake, mdogo aliyechoka atamwonyesha sura hiyo mpaka ashibe, kisha ataendelea na maisha yake.